Kipepeo Kilichopinda

Hakuna msichana Tabora nzima aliyenishinda mimi kusuka vipepeo vya kujipepea. Nalisema bila woga, maana wengi walioniona nikisuka wamekwisha kufa. Waliobaki watawaambieni, wajukuu zangu, kwamba kazi yangu ilifaa kuwashia moto, na hao, kwa bahati mbaya, wanasema kweli.

Mwaka 1948 nilikuwa darasa la nne. Kila asubuhi nilichota maji, nikafagia uwanja, kisha nikampitia jirani yangu Tatu, tukaenda shule tumeshikana mikono. Kila Alhamisi Mwalimu Josepha alitufundisha kazi za mikono.

Muhula ule alituambia kila mmoja asuke kipepeo kidogo cha majani ya milala, akishonee karatasi yenye jina lake, tukawape wasafiri pale stesheni.

"Msafiri akifika mwisho wa safari yake," alisema, "atampa kipepeo mtu asiyemjua."

"Hata Mzungu, Mwalimu?" nikauliza.

"Hata Mzungu, Mwamvita. Nao wanatoka jasho."

Kipepeo cha Tatu kilikuwa duara safi, ukingo umebana. Changu kililala upande mmoja kama mtu anayeumwa jino. Nikaona aibu. Kwamba huko ng'ambo mtu asome jina langu juu ya kitu kile! Siku ya kuvipeleka, Tatu alipotoka kunywa maji, nikafumua karatasi zetu mbili na kuzibadilisha.

Stesheni, mke wa mwenye duka mmoja wa Kihindi, aliyekuwa akienda Bombay, alichukua kile kizuri chenye jina langu. Kilichopinda alikichukua Mzee Mabruki, mfanyabiashara wa asali, aliyekuwa akipitia Kigoma kuvuka ziwa hadi Kongo. Akasoma karatasi kwa sauti: "Tatu. Ahsante, mjukuu wangu Tatu."

Tatu alivitazama vipepeo vikiondoka, kisha akanitazama mimi. Tulirudi nyumbani kila mtu na mikono yake.

Tangu siku hiyo alinijibu nilipomsalimu, basi. Nilimpitia asubuhi nikakuta ameshatangulia. Nawaambia, wajukuu, ni afadhali rafiki akutukane.

Baada ya miezi mitatu Mzee Mabruki alirudi kutoka Kongo na barua ya mzazi aliyempa kile kipepeo, pamoja na kifurushi cha dagaa. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa:

"Mwanangu aliugua homa siku nne, hali chakula, hacheki. Mgeni mmoja akatuzawadia kipepeo. Kimepinda sana. Nilipompepea, kikawa kinampiga puani, na mtoto akacheka. Jioni alikunywa uji. Mwambieni Tatu nimemshukuru, na mtoto anaomba kingine kama hicho hicho."

Darasa likacheka. Shukrani zile zilikuwa zangu, na nisingeweza kuzidai bila kusema nilivyofanya.

"Tatu," alisema Mwalimu, "hicho kilichopinda ni chako?"

Tatu alinitazama. Mwalimu hakuwa mchache wa fimbo, na wote wawili tulilijua hilo.

"Changu, Mwalimu. Siku ile nilikuwa na haraka."

"Vizuri. Chukua milala, umsukie mtoto kingine kama hicho hicho."

Tatu akakaa chini, akasuka karibu kipindi kizima. Nilimwona akijitahidi kukosea kwa ajili yangu: analegeza ukili anaousuka, anavuta pembeni, jasho linamtoka. Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama.

"Mwalimu, kilichopinda ni changu. Mimi nilibadilisha majina. Tatu, nisamehe."

Mwalimu aliikunja barua polepole. Fimbo hakuigusa.

"Umeona, Mwamvita? Ulimwibia mwenzako kazi yake, ukajiibia mwenyewe shukrani zako. Zawadi ya mkono wako ina thamani kwa kuwa ni ya mkono wako, hata ikipinda. Kaa hapo karibu na Tatu, umsukie mtoto. Dagaa mtagawana."

Nikakaa. Tatu akanisogezea milala, na bega lake likagusa langu.

"Nawe Tatu," Mwalimu aliendelea, "kwa nini ulinidanganya?"

"Sikudanganya, Mwalimu," alisema Tatu, hata kichwa hakuinua. "Mimi pia nasuka vibaya. Hata hiki nilichoshika kimepinda."

Mwalimu akakichukua, akakiinua darasa zima tukione. Duara safi, ukingo umebana.