Alama za Wavu Miguuni mwa Mama Mdogo

Hii haikumtokea rafiki wa rafiki. Ilimtokea mama yangu mdogo, Tereza, pale Kigongo, na mimi nilikuwepo kwa sababu mtu mwenye degree ya biolojia asiye na connection hana pengine pa kuwa.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida. Nimetoka mjini kugawa CV zisizosomwa, namkuta anageuza dagaa juani huku anajikuna. Vipele vyekundu, vifundo vyote viwili vya miguu.

“Ni hilo ziwa,” nikamwambia. “Vijidudu vya konokono. Usikanyage tena majini.”

“Sawa, daktari usiye na ajira.”

Akaacha kukanyaga. Tukabadilisha sabuni. Tukachemsha mashuka, maana kunguni nao wamo. Zahanati wakasema huenda ni mzio, wakampa krimu. Vipele vikapanda hadi chini ya magoti.

Jirani yetu Dorotea akachungulia uani. “Msomi, allergy gani hiyo? Hebu tazama vilivyojipanga.”

Nikatazama. Mistari. Vijumba vidogo vya pembe nne, mguu mzima.

Matundu ya wavu.

Mume wa mama mdogo, Byabato, Mhaya wa Bukoba, alizama mwaka jana akiwa amenaswa na wavu wake mwenyewe. Mwili haukuonekana. Ukoo wake ukazika mgomba mahali pake, umevishwa shati lake. Mama mdogo aligoma kutupia udongo. “Siziki ndizi mimi,” alisema, akarudi Kigongo peke yake.

Nikampigia kaka wa marehemu, Mzee Rugambwa. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza habari za vipele.

“Muulize kama anamwita.”

“Anamwita?”

“Tukishazika mgomba, jina la mtu haliitwi majini. Ukimwita, anajua kuna anayemngoja. Anajivuta kwa huyo huyo.”

Nilijua jibu. Kila jioni akikusanya dagaa alisimama ukingoni: Byabato wee, chakula tayari. Mimi nilisema ni stress.

“Mama mdogo, acha kumwita. Vimefika magotini.”

Akanong’ona. “Nikiacha, nani ataniita mimi? Wewe ukipata kazi kesho, si unaondoka?”

Ningeondoka hata kabla ya kupiga mswaki.

Jioni ile nikamfungia ndani, nimemshika mkono. Hakuita. Nje kukatulia. Hata mbwa. Ndipo kutoka ziwani, taratibu, sauti ya kiume.

“Tereza.”

“Usiitike,” nikanong’ona.

“Abee,” akaitika. Laini, kama msichana.

Hakikutokea kitu. Akaniaga, akaenda kulala.

Asubuhi nikamkuta ameketi kitandani, miguu nje ya shuka. Safi. Hakuna hata kipele. Nikacheka kwa nguvu, nikaanza kuisifia krimu.

“Shii.” Kidole mdomoni. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu msiba. “Punguza sauti. Amechoka.”

Nikatazama upande wa ukutani. Hapakuwa na mtu.

Lakini godoro lilikuwa limebonyea. Kichwa. Mabega. Miguu mirefu. Maji yalidondoka uvunguni. Tone. Tone.

Kisha kitanda kikalia, na lile bonyeo likajigeuza, polepole, upande wangu.