Grisi Kwenye Ncha za Waya

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, fundi umeme wa magari alibandua utepe mweusi chini ya injini na kukuta waya umekatwa.

Gari lilikuwa limevutwa hadi gereji yake likiwa na dalili moja: starta inazungusha, injini haiwaki. Akapima sensa ya kreki, ile inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Volti tano zilifika. Ethi, waya wa kurudisha umeme, ilikuwa nzima. Waya wa tatu, wa kupeleka ishara, ulikuwa umetulia kama maji mtungini, ndipo alipoufuata kwa vidole hadi kwenye utepe.

"Panya?" aliuliza mke wa mwenye gari.

"Panya hafungi utepe, mama."

Mama akamgeukia mkwewe, mwalimu wa hesabu aliyeoa binti yake na kuishi nao. "Ni wewe! Jumamosi nilikuona umefungua boneti. Leo leo unatoka kwangu, wewe na mkeo."

"Niliongeza maji tu, mama."

Mwenye gari, mume wa mama, alikuwa dereva mstaafu wa malori. Alipoingia gerejini aliisalimia ovaroli iliyotundikwa ukutani, "Hujambo, fundi," wote wakacheka, naye akacheka. Sasa alikaa juu ya tairi kuukuu, akafuta miwani kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Hebu nioneshe sensa ya kreki," fundi alimwambia mkwe.

Mwalimu aliikagua injini, akakuna kichwa, akagusa betri. Fundi akamwondoa kwenye orodha ya washukiwa. Huyu asingeupata waya ule hata kwa ramani.

Akazivuta nje zile ncha na kuzitazama upya.

"Zimepakwa grisi, zote mbili, zisishike kutu," alisema. "Aliyekata alijua ipo siku zitaungwa. Anayekuchukia hakutunzii waya. Tena pale jicho halifiki, mkono tu. Mtu huyu anaijua injini hii kwa vidole."

Akamnyooshea mzee mita. "Baba, nisomee hiyo namba."

"Sina miwani, mwanangu."

Miwani ilikuwa usoni mwake. Hakuna aliyecheka safari hii.

"Ijumaa nilikuwa narudi nyuma pale getini," mzee alisema hatimaye. "Nikasikia mjukuu wangu anacheka. Nilimsikia tu, sikumwona. Nusura nimuue. Usiku ule nikaukata waya, nisiendeshe tena."

"Si ungesema!"

"Miaka arobaini naendesha, mke wangu. Ningeanzia wapi?"

"Kwa hiyo bora nimfukuze mtoto wa watu?"

Mzee aliinama. Aibu ilimjaa, na haikuwa ya macho mabovu. "Nisamehe, mkwe. Umesemwa mbele yangu nikanyamaza."

Fundi aliunga waya, akauzungushia utepe mpya. Saa tatu kasorobo injini iliwaka mara moja. Kwa mazoea mzee akaenda mlango wa dereva, akasimama hapo kidogo, kisha akazunguka upande wa pili, mkono wake ukipapasa boneti.

"Panda, mkwe," alisema. "Na hiyo klachi ikanyage taratibu, huui nyoka."