Magugu ya Katikati ya Barabara

Saa ya watu kutoka kazini, magari yakipigiana honi kama ndugu wanaogombea urithi, mwanamke mmoja alisimama kando ya mzunguko wa barabara kuu. Buti za mpira miguuni, kitenge kilichopauka kiunoni, trei ya miche mkononi. Shangazi yake, aliyemlea, alimwita Mkaidi kabla hajaota meno, na jina likamkaa. Katikati ya mzunguko, mwanamume mwenye kizibao cha manispaa cha rangi ya chungwa alikuwa amepiga magoti, akipanda maua mekundu yaliyoletwa kwa ndege.

"Bwana Maua," Mkaidi alimwita, "nyuki anapita hapo hata salamu hatoi."

Yule mtu alijifuta jasho, akatabasamu. "Mimi nimetumwa kupanda, dada. Nyuki hawakutuma mwakilishi."

"Wamenituma mimi."

Jumapili Bwana Maua akaja mwenyewe kwenye kitalu cha Mkaidi, shati limepigwa pasi.

Kitalu kilikuwa nyuma ya karakana ya magari: wavu wa kivuli uliotobokatoboka, harufu ya samadi na udongo mbichi, miche ndani ya mifuko myeusi. Yote ya asili ya hapo hapo. Mkaidi alikikumbuka kilima kilichosagwa kuwa kokoto za barabara ile. Alikumbuka kilichoota juu yake, na nani alipiga makofi siku tingatinga lilipozinduliwa, na alikaa kiti kipi.

"Wametung'olea kilima, wakatuletea maua ya kuazima," alisema. "Halafu tushukuru?"

"Wewe hushukuru hata ukikaribishwa maji."

"Yawe masafi kwanza."

Baada ya hapo simu zake zikaanza. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula udongo." "Wa wapi?" "Wa kwetu. Wa kigeni haushibishi." Mkaidi alicheka peke yake hadi mafundi wa karakana wakamsonya.

Lakini kitu kimoja hakumwambia. Kando ya ukuta kulikuwa na kitanda cha mbegu alizookota kilimani kabla hakijasagwa. Mimea ile ikiwa michanga hufanana na majani ya njiani, kwa hiyo hakung'oa chochote pale mpaka kichanue. Wala hakuweka kibao. Msimamizi wa bustani za manispaa alikitaka kiwanja kiwe maegesho, na kibao kingemwonyesha pa kukanyaga. Mbegu nyingine hakuwa nazo.

Siku moja alikwenda kumchukua shangazi hospitali, akamwachia Bwana Maua ufunguo. Aliporudi adhuhuri alikuta kitanda kimekuwa kitupu kama sinia iliyolambwa. Mpenzi wake alisimama kando, matope hadi viwikoni, anang'aa kwa furaha.

"Nimekupalilia, kipenzi."

Mkaidi alishika nguzo ya wavu. "Viko wapi vilivyokuwa hapa?"

"Yale magugu? Gari la taka la kazini lilikuwa linapita, nikalipakia."

"Gari la msimamizi wako. Amekutuma."

"Hakuna aliyenituma."

"Hata maua ulitumwa. Kile ndicho kilima changu ulichokitupa. Toka."

Alifunga lango kwa kufuli. Simu ikalia, akaitazama ikilia. Shangazi, aliyekuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, alivuta pumzi.

"Jasusi gani anaharibu kisha anasubiri sifa? Huyo ni mjinga tu, mwanangu. Na mjinga hufundishika."

"Afundishwe na mwingine."

Jua lilipoanza kulegea simu ililia tena. Shangazi akaipokea, akaibandika sikioni mwa Mkaidi kwa nguvu.

"Usinisamehe," sauti ya Bwana Maua ilihema. "Njoo mzunguko na ndoo ya maji. Mizizi inakauka."

Alikimbia na ndoo, akawaacha wapita njia wamelowa. Bwana Maua alikuwa amepiga magoti pale pale pa siku ya kwanza, ananuka jaa zima. Maua mekundu yalilala juu ya lami, yameng'olewa yote. Mahali pake, katika udongo alioumwagilia alfajiri, vilisimama vimche vya kilima, vingine vimenyong'onyea, vingine wima.

"Umefunga lango," alisema bila kuinua kichwa. "Udongo uliolainika ulikuwa huu tu."

"Umepata vyote?"

"Vingi. Vingine nimevivua jaani, chini ya matairi yaliyotupwa."

Msimamizi alishuka garini, tai imepinda. "Ng'oa hayo magugu, au vua kizibao."

Watu walianza kusimama. Madereva walizima injini wapate kusikia. Mkaidi aliingia kati, akaketi udongoni na kitenge chake, akaanza kumwagilia.

"Mng'oaji aanze na mimi," alisema. "Mimi mizizi yangu ni mirefu, na nakumbuka nyuso."

Bwana Maua alisimama. Alifungua kizibao taratibu, akakitandaza juu ya vijiti viwili, kikawa kivuli cha vimche. Kisha akaketi kando ya Mkaidi. Mwuza magazeti akavuka barabara, akaketi pia. Msimamizi aliangalia umati, akarudi garini kutafuta simu.

"Sasa sina kazi," Bwana Maua alinong'ona. "Nilitaka nije kwa shangazi yako kuposa nikiwa mtu wa maana."

"Mjinga wangu." Mkaidi alimsukumia ndoo. "Ukileta posa, shangazi atauliza unafanya nini."

"Nimjibu nini?"

"Sema unalinda kilima. Haya, kateke maji. Watarudi, na watukute hapa."