Msomaji Aliyeijua Nyumba

Mama Sindano alikuwa mshonaji, lakini hakushona nguo mpya. Alifufua zilizochoka: suruali iliyopasuka goti, koti lililoliwa na nondo, shati lililokuwa la baba na sasa ni la mtoto. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na mlango wa mbele, ili wateja wasihangaike kupanda ngazi. Mumewe alikuwa fundi wa kufuli. Binti yao wa miaka tisa walimwita Kadogo, ingawa alikuwa mrefu kuliko wenzake wote darasani.

Walikuwa wamehamia nyumba hiyo miezi mitatu tu iliyopita. Ilikuwa nyumba nyembamba ya ghorofa moja, imebanwa na nyumba nyingine kushoto, kulia na nyuma. Baba na mama walilala chumba cha mbele, juu. Kadogo alilala chumba cha nyuma. Mchana, cherehani ikinyamaza, nyumba nayo ilinyamaza. Ulikuwa ukimya wa mtu anayesikiliza.

Siku moja mteja alikuja kuchukua koti lake. Akaligeuza huku na huku asione kiraka kilipo.

"Mama Sindano, wewe una mikono ya ajabu! Mbona huandiki blogu?"

"Blogu ndiyo nini?"

"Ni kama daftari lako, ila liko kwenye mtandao. Unaandika unachokijua au unachokiona. Wenye simu wanasoma, na wanaweza kukuandikia maoni yao."

Jioni ile Mama Sindano alifungua blogu kwa simu yake. Haikuchukua hata nusu saa. Palipoulizwa jina, akaandika jina lake kamili. Palipotakiwa picha, akatoka nje akapiga picha ya mlango wao, namba ya nyumba ikionekana wazi. Kisha akaeleza jinsi ya kugeuza kola iliyochakaa. Watu kumi na wawili wakasoma. Alifurahi kana kwamba amepokea wageni.

Juma la pili hakuandika kuhusu nguo. Shule zilikuwa zimefungwa. Alipiga picha ya Kadogo akiwa usingizini, akaandika: "Likizo tamu! Saa nne asubuhi na binti yangu bado yuko kitandani. Baba yake yuko kazini mpaka jioni. Tuko wawili tu."

Kesho yake asubuhi alikuta maoni mapya. Mwandishi alijiita Niliyekuwapo. Alikuwa ameandika maneno matano tu.

"Ngazi ya tatu bado inalia?"

Mama Sindano aliyasoma mara mbili. Hakuwahi kuandika habari za ngazi. Alisimama, akaenda chini ya ngazi, akaanza kupanda polepole. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Alipokanyaga ya tatu, ubao ukalia krrr, sauti ndefu kama ya mlango wa kabati.

Jioni alimwonyesha mumewe. Fundi alisoma, akachukua kisanduku chake cha vifaa. Mpaka anakaa mezani kula, mlango wa mbele ulikuwa na kitasa kipya na makomeo mawili.

"Baba Kadogo," mkewe alisema, "mtu kaingia kwa njia ya simu, wewe unafunga mlango?"

"Ndiyo kazi ninayoijua, mama. Ungetaka nifanye nini?"

Wote wawili walijaribu kucheka. Kicheko hakikutoka vizuri.

Siku mbili baadaye, asubuhi tena, Niliyekuwapo aliandika: "Ukuta wa chumba cha nyuma una joto asubuhi?"

Mama Sindano alipanda juu. Kadogo alikuwa amelala, uso umeelekea ukutani. Jua halikuwa limefika upande ule. Hata hivyo, mama alipoweka kiganja ukutani, ukuta ulikuwa na joto. Lilikuwa joto la paji la uso la mgonjwa. Akauondoa mkono haraka.

Kadogo akafumbua macho. "Huwa hivyo kila asubuhi, mama. Na huwa unahema."

"Nani anahema?"

"Ukuta. Unafanya fuuu, halafu unatulia. Mama, kichwa kinaniuma."

"Tangu lini?"

"Tangu likizo ianze. Nikienda kucheza nje kinaacha."

Simu ikalia kifuani mwa mama. Maoni mengine.

"Mtoto asilale chini ya ule ukuta."

Alimshika binti yake mkono, wakashuka mbio mpaka nje. Akampigia mumewe. Fundi alifika kwa baiskeli yake, akihema.

"Futa!" alisema. "Futa kila kitu, na tuhame. Ama kuna mtu anatuchungulia, ama hii nyumba ina mambo yake."

"Kabla ya kufuta, twende kwa jirani Mkutubi," mkewe alisema. "Kila Jumamosi si anafundisha watu kompyuta kule maktaba?"

Mkutubi alikuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuwa mama mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Aliisoma blogu yote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Umeandika vizuri, jirani," alisema. "Hii ya kola nitaijaribu. Lakini hebu tazama pamoja nami kama vile wewe ni mgeni usiyetujua. Huyu mwanamke anaitwaje?"

"Jina langu lipo hapo juu."

"Anakaa wapi?"

Mama Sindano alitazama picha ya mlango na namba yake.

"Mumewe anarudi saa ngapi? Mtoto wake analala wapi?"

"Yesu na Maria," fundi alinong'ona. "Mimi nauza kufuli, na ufunguo tumeuanika wenyewe."

"Msijilaumu. Wengi huanza hivyo," Mkutubi alisema. "Blogu ni yako, lakini wasomaji huwachagui. Tusifute blogu. Tuirekebishe. Kwanza, piga picha za skrini za haya maoni, ili tuwe na ushahidi tukihitaji kwenda polisi. Sasa toa picha ya mlango. Toa ya mtoto pia. Yeye hajaomba kujulikana."

Mama Sindano alifanya kila kitu mwenyewe. Badala ya jina lake kamili aliweka Mama Sindano. Alifuta habari za nani yuko nyumbani saa ngapi. Mkutubi akamwonyesha kwenye mipangilio mahali pa kuzuia maoni yasionekane mpaka yeye mwenyewe ayakubali. Akamwambia abadilishe nenosiri, aweke refu, lisilo jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa.

"Na huyu?" fundi aliuliza, akionyesha jina la Niliyekuwapo.

"Angekuwa ametisha au ametukana, tungekwenda polisi moja kwa moja. Huyu anauliza, na anaonya. Tumuulize swali moja kwa ujumbe wa faragha. Msimpe habari yoyote mpya."

Mama Sindano aliandika: "Wewe ni nani, na unaijuaje nyumba hii?"

Kadogo alikuwa ameegemea bega la baba yake, rangi imemtoka. Baada ya dakika chache jibu likaja.

"Nilizaliwa humo. Mdogo wangu alilala chini ya ukuta huo, na asubuhi moja hakuamka. Mtoeni mtoto humo leo."

Fundi alimbeba Kadogo kama mtoto mchanga, wakampeleka kituo cha afya. Walieleza habari za kichwa na za ukuta. Daktari alimpima, akamweka kwenye hewa safi ya mtungi kwa saa kadhaa, akasema, "Asirudi kwenye chumba hicho mpaka kikaguliwe." Usiku huo walilala kwa Mkutubi, wote watatu kwenye mkeka mmoja.

Kesho yake walikutana na Niliyekuwapo mchana, maktabani, mbele za watu. Mkutubi ndiye aliyetaka iwe hivyo. Walitarajia mtu wa kutisha. Aliyekuja alikuwa muuguzi wa makamo, amevaa viatu vyeupe vya kazini.

"Nisameheni," alisema kabla hata hajaketi. "Niliona picha ya mlango, nikajua ni kwetu. Kisha nikaona kitanda mahali palepale. Sikujua nianzeje, ndipo nikauliza habari za ngazi."

"Ulitutisha sana, dada," Mama Sindano alisema.

"Najua. Nyuma ya nyumba palikuwa na tanuri la mikate la kuni. Mdogo wangu alipokufa, watu walisema nyumba ina laana. Tulihama, na tanuri likafungwa. Nilipokuja kusomea uuguzi ndipo nilipoelewa. Moto wa kuni hutoa hewa ya sumu. Haina rangi wala harufu. Ikiingia chumbani, kichwa kinauma, unajisikia mlegevu, unalala, na huenda usiamke. Nilitaka kujua kama tanuri limewashwa tena. Ndiyo maana niliuliza kama ukuta una joto."

"Limewashwa," fundi alisema taratibu. "Kuna mwokaji mpya nyuma. Ana miezi miwili tangu aanze kuoka."

Waliita zimamoto, na mkaguzi wao alikuja alfajiri iliyofuata, wakati wa kuoka. Aliingia chumba cha nyuma na kifaa kidogo cha kupima hewa ya sumu mkononi. Kabla hajafika kitandani, kifaa kilipiga kelele. Alifungua dirisha, akatoka haraka. Baadaye walibomoa lipu. Ndani ya ukuta lilikuwamo bomba la moshi la lile tanuri, la matofali, limefunikwa miaka mingi, lina ufa mrefu kama mkono wa mtu mzima.

Mwokaji alipoona ufa ule aliketi chini. Hakuwasha tena tanuri mpaka alipojenga bomba jipya, mbali na nyumba za watu, na mkaguzi akalipima. Maumivu ya kichwa ya Kadogo yaliisha.

Mama Sindano alirudi kwenye blogu yake. Alimwomba muuguzi ruhusa, kisha akaandika habari za ukuta, bila namba ya nyumba na bila picha ya mtoto. Alieleza dalili zote, na umuhimu wa kukagua bomba la moshi na kufungua madirisha. Chini ya habari hiyo akaweka namba ya simu ya zimamoto.

Juma la tatu baada ya kuiandika, asubuhi, maoni ya mwanamke asiyemjua yalimngoja ayakubali.

"Nilimsomea mume wangu habari yako, akanicheka. Kisha akapanda juu kuliangalia bomba letu. Alishuka hacheki. Leo watoto wamelala sebuleni, na zimamoto wako njiani."

Mama Sindano alimwita mumewe aje asome. Kisha akabonyeza: Kubali.