Mfupa Haukuwa Kaburini

Jumamosi Kalesita alikuwa akimenya viazi vikuu vya Jumapili, binti yake Lose akilia mkekani. Lose alikuwa na miezi saba. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa usaha kwa siku tano sasa, na shangazi yake, Fusi, alikuwa akilitia mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Kalesita aliinama kumnyanyua, akamtazama usoni. Mtoto alikuwa akilia kwa upande mmoja tu wa uso. Upande wa kushoto ulikuwa umelegea, jicho halifumbi.

Alitaka kwenda zahanati saa ileile. Lakini kwao Tonga shangazi ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa kaka yake, na Fusi hakuwa mtu wa kupingwa.

"Wifi, hili si la nesi," alisema. "Marehemu baba yangu anaumia huko kaburini, na maumivu yake yamemshika mtoto. Kuna mzizi umeingia kwenye fuvu lake. Tukiutoa, uso wa mtoto utarudi."

Soakai, baba wa mtoto, alikwenda kutafuta majembe. Neno la dada yake hakuwahi kulipinga.

Jumapili hakuna anayeshika jembe, wakangoja. Jumatatu walifukua kaburi. Mzizi waliukuta kweli, umepita kando ya fuvu. Fusi akaukata, akaipaka mifupa mafuta, akaifunga kwa kitambaa cheupe. Watu wakashukuru. Mchanga ule haukosi mizizi, lakini nani angethubutu kusema siku ile? Wakangoja tena siku nne. Uso haukurudi. Ilikuja homa.

Ijumaa Kalesita alimbeba mwanawe bila kuaga mtu. Fusi akamfuata nyumanyuma hadi zahanati, akinung'unika.

Nesi Sulieti alichungulia sikio, akamchoma mtoto sindano, akamwita daktari kwa simu. Kisha akawageukia.

"Mshipa wa fahamu unaochezesha uso unapita ndani ya mfupa, karibu na sikio," alisema. "Mtoto akiwa tumboni, njia yake huanza kama mtaro ulio wazi. Mfupa huota kidogo kidogo toka kingo mbili, unaufunika. Kwa wengi hubaki upenyo. Si kosa la mama, wala la marehemu. Sikio likijaa usaha, unapenya hapo, unaudhuru mshipa."

"Na ule mzizi?" Fusi aliuliza.

"Ulikuwa mzizi tu, mama. Mngemleta siku sikio lilipoanza kutoa usaha, huenda tusingefika hapa. Na msilitie mafuta tena. Sikio likitoa usaha, likaushwe kwa kitambaa safi, mje siku hiyohiyo."

Hospitalini walimtoa Lose usaha wote. Homa ikaisha. Uso ulirudi nusu, ukaishia hapo.

Miaka miwili baadaye sikio la mdogo wake, Paea, lilitoa usaha katikati ya ibada. Fusi alinyanyuka wimbo haujaisha, akambeba mtoto moja kwa moja hadi nyumbani kwa nesi. Mtoto akapewa dawa, akapona. Paea anacheka kwa mashavu yote mawili.

Fusi aliomba radhi mara moja tu. Kalesita alimjibu kwamba yamekwisha. Hayajaisha. Kila Jumapili wakila, Kalesita humkalisha Lose mkabala na Fusi, kisha humchekesha mtoto.