Jibu la Janefer

Huko Mogogosiek, Chepkurui na mamake huchuma chai kila asubuhi. Anayejaza kikapu mapema humsaidia mwenzake kumaliza mstari. Ndivyo walivyozoea wote pale. Hakuna anayeuliza jani hili limechumwa na nani.

Chepkurui anasomea kompyuta katika chuo kimoja mjini Kericho. Wakati wa tamasha la ufundi, chuo kiliandaa shindano la kuandika programu mtandaoni. Kila mtu alishindana akiwa kwao, kwenye kompyuta yake. Swali la mwisho likamtoa Chepkurui jasho. Akamwandikia rafiki yake Janefer kwa simu: "Nimekwama."

Janefer, aliyekuwa akishindana pia, naye ni mtoto wa mashamba ya chai, aliyezoea kusaidia. Akamtumia jibu lake lote, hata kabla hajamaliza kulikagua. Chepkurui akalinakili vile lilivyo, akalituma haraka kwa waamuzi.

Mtambo wa shindano uliona majibu mawili yaliyofanana kama mapacha. La Chepkurui lilitangulia kufika. Basi Janefer akaondolewa kwa wizi, na Chepkurui akawa wa kwanza. Ushindi gani huo, jamani?

Mama alitangaza habari kwenye kituo cha kupimia chai, mbele ya wanawake waliosubiri kupima majani. Wakapiga makofi. Chepkurui aliona aibu. Janefer alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo.

Jioni Chepkurui alikwenda kwa jirani yao, Nyamoita, mwalimu wa kompyuta.

"Mwalimu, jibu lilikuwa la Janefer. Lakini alinisaidia tu, kama tunavyosaidiana kwa chai."

"Kwa chai tunapima majani," Nyamoita alisema. "Kwa shindano tunapima kile unachojua wewe. Sasa chako kilikuwa kipi?"

"Hakuna," Chepkurui alikiri.

"Kusaidiana ni kabla ya shindano. Fanyeni mazoezi pamoja, mfundishane mpaka mchoke. Shindano likianza, kila mtu na kichwa chake. Ukikwama, acha hilo swali. Kutoa jibu ni kosa, na kulichukua ni kosa."

"Nikisema, wataniondoa."

"Ndiyo, watakuondoa. Na sasa hivi ni nani ameondolewa?"

Chepkurui aliwaandikia waamuzi hapo hapo. Wakamwondoa. Janefer alionywa kwa kutoa jibu, lakini jina la mwizi likamtoka.

Ikabaki kazi ngumu, ya kituoni.

"Mama zangu," Chepkurui aliwaambia wanawake wale wale, "ushindi ule haukuwa wangu. Aliyeiba ni mimi, si Janefer."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mamake aliendelea kuchambua majani, hakumtazama.

Mwaka uliofuata, Chepkurui na Janefer walifanya mazoezi pamoja muhula mzima. Siku ya shindano, Chepkurui alimpa mamake simu aishike mpaka amalize.

Alipomaliza, mama aliuliza, "Umepata maswali mangapi?"

"Mawili tu."

"Ni yako?"

"Ni yangu, Mama."

Mama akamrudishia simu, akabeba kikapu, akaenda kutangaza kituoni.