Kichwa Kimoja Zaidi

Majina yalikuwa ishirini na matatu. Vichwa, ishirini na vinne.

Yamina Azahaf alihesabu tena, kwa sauti, akinyoosha kalamu kwa kila mmoja. Wafanyakazi wa ile kampuni ya bima walikuwa wamesimama safu mbili kando ya kibanda cha baiskeli, mikono makwapani, wakiombea zoezi la moto liishe warudi kwenye kahawa zao. Mji wa Zwolle, Uholanzi, ulikuwa umeganda tangu Jumapili. Ishirini na vinne.

"Unahesabu nyota, bibie?" aliuliza Sjoerd, mkuu wa ulinzi, ambaye ndiye aliyekuwa akimfundisha kazi. "Watu wanakufa na baridi hapa."

"Kuna mtu amezidi, bosi."

"Mgeni huyo."

"Leo hakuna mgeni. Kitabu cha mapokezi kitupu."

Akaita majina. Kila jina likaitikiwa mara moja, hakuna lililobaki. Lakini mwisho wa safu ya nyuma alisimama mwanamke mwenye koti la kijivu, amewapa mgongo, ambaye hakuitikia jina lolote. Idara hii ilidhani ni wa idara ile. Upepo ulipotoka upande wake ulileta harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi.

Zilikuwa hatua kumi tu kumfikia. Yamina angeweza kwenda kumgusa bega. Lakini tangu alfajiri alikuwa akikanda unga kwenye duka la mikate, kutoka huko amekuja moja kwa moja mafunzoni, na jioni ilimsubiri ripoti ya kurasa kumi na mbili. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mwaka wa pili wa masomo ya ulinzi wa makampuni na wa umma, na miguu yake ilikuwa imevimba ndani ya buti.

"Andika ishirini na nne twende zetu," alisema Sjoerd.

Akaandika. Alipoinua macho, koti la kijivu halikuwepo.

Jioni alimsimulia mama yake, kwa kumchekesha tu. Bi Mimount alikuwa akimenya viazi, wala hakucheka.

"Uliwahesabu watu kwa sauti?"

"Ndiyo kazi yenyewe, mama."

"Kwetu Moroko, kule milima ya Rif, hata kondoo hawahesabiwi bila bismillahi." Kisu kilisimama. "Na yule uliyemwona, ulimwandika?"

"Nilimwandika. Nilikuwa nimechoka."

"Basi umempa nafasi, binti yangu. Sasa anachotafuta ni jina." Akashusha sauti, kana kwamba kuna mtu barazani. "Na hao hawana majina yao. Huchukua ya watu."

Yamina alitaka kujibu kwamba huko chuoni wanafundishwa kamera na kufuli, si majini. Usingizi ukamchukua palepale mezani, shavu juu ya daftari.

Wiki mbili zikapita. Mtu pekee aliyeutambua uchovu wake pale kazini alikuwa Tineke, mtunza majalada wa chumba cha chini, bibi aliyebakiza miezi minne kustaafu. Kila mchana alimpandishia supu ya njegere kwenye chupa ya chai. "Kunywa, mwanangu," angesema. "Utatuangukia ngazini, tuanze kukujazia fomu."

Jumanne moja, saa nne asubuhi, king'ora kililia, na safari hii halikuwa zoezi. Moshi mweusi ulikuwa ukipanda kutoka chini. Watu walitoka wakikohoa, wakajipanga kando ya kibanda cha baiskeli, na gari la zimamoto likafika kabla safu hazijanyooka.

Sjoerd alihesabu mwenyewe. Walioingia kazini siku hiyo walikuwa ishirini na watatu. Vichwa, ishirini na vitatu.

"Wote wako nje," alimwambia kiongozi wa zimamoto, mwanamke mrefu mwenye kofia mkononi. "Yamina, tia sahihi."

Yamina alishika kalamu. Kisha akasikia ile harufu ya kisima.

"Ngoja niite majina."

"Hesabu imetimia!"

"Naita tu, bosi."

Akaita, wakaitika, na kila aliyeitika mvuke ulimtoka mdomoni kwa ile baridi, mmoja baada ya mwingine, hadi alipofika kwa Tineke, na sauti ya Tineke, ileile ya kumwita mwanangu, ikaitika "nipo" kutoka mwisho wa safu ya nyuma, alikosimama mtu mwenye koti la kijani la Tineke na mvi za Tineke, amewapa mgongo, na juu ya kichwa chake hewa ilikuwa tupu, haikupanda pumzi wala chembe ya mvuke, ingawa wote waliomzunguka walikuwa wakifuka kama vyungu.

"Tineke," aliita Yamina. "Geuka."

Hakugeuka.

"Si yule pale?" Sjoerd alinong'ona, amemshika mkono. "Unataka nini tena? Ukikosea umewaingiza watu motoni bure. Na cheti chako ukisahau."

Yamina alikuwa amechoka mno. Kutia sahihi kungekuwa rahisi kama kufumba macho. Hesabu ilikuwa sawa, bosi ameridhika, nani angemlaumu? Akaitazama kalamu. Akaiachia ikaanguka.

"Sitii sahihi," alimwambia yule wa zimamoto. "Kuna mtu ndani. Chini, chumba cha majalada."

Mwanamke yule akavaa kofia yake. Waliingia watu wawili. Baada ya dakika sita walitoka wamembeba Tineke, uso mweusi kwa masizi, akikoroma. Sjoerd akageuka haraka kutazama mwisho wa safu. Hapakuwa na mtu.

Siku ya tatu, kabla ya kwenda kazini, Yamina alipita hospitali. Tineke alikuwa ameegemea mito, sauti imekauka.

"Asante kwa kunishika mkono kule chini, mwanangu."

"Mimi sikuingia, Tineke. Nilikuwa uani."

"Acha utani. Nilitaka kutambaa hadi mlangoni, ukanizuia. Ukasema, kaa tu, usihangaike, nje wameshakuhesabu." Akakohoa. "Mkono wako ulikuwa wa barafu. Tulipousikia mlango ukivunjwa ukaniuliza jina lako kamili. Nikajua unanipima kama fahamu bado ninazo."

"Ukanijibu?"

"Nilikutajia lote. Yamina Azahaf."

Yamina alitoka hadi ukumbini, akaegemea ukuta, akampigia Sjoerd kumwambia atachelewa.

"Utachelewaje?" Sjoerd alicheka. "Tumo uani, watu wanataka kuingia kuchukua vitu vyao. Nimemaliza kuita majina sasa hivi, na yetu sisi walinzi pia. Umeitika."

"Usiandike, bosi." Aliishika simu kwa mikono miwili. "Nakuomba. Usiandike."

Upande wa pili karatasi ilisikika ikifunuliwa. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Nimeshaandika," akasema Sjoerd.